Chozi wa Mto Kongo: Vidokezo vya Kumpata na Kumtambua, Kutoka Kisangani Hadi Barumbu

Wapenda ndege wanaofika Kisangani wengi hukimbilia msitu. Msitu upo, na ni wa ajabu. Lakini mmoja wa ndege wazuri kuliko wote wa nchi hii hakai humo ndani. Anakaa ukingoni mwa maji, kwenye vichaka ambavyo kila mtumbwi unavipita, juu ya vichwa vya akina mama wanaofua na wavuvi wanaotengeneza nyavu. Ni chozi wa Kongo: kichwa na mgongo wa kijani kinachometameta, kifua chekundu, tumbo jeusi, na manyoya mawili marefu ya mkia yanayomfuata nyuma anaporuka.

Kwa Kifaransa anaitwa souimanga du Congo, na jina lake la kisayansi ni Cinnyris congensis. Mholanzi Eduard Daniël van Oort ndiye aliyemwingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1910. Duniani kuna aina zaidi ya 140 za chozi, kuanzia Afrika hadi Asia na Australia, na huyu mmoja hapatikani popote ila katika bonde la Mto Kongo. Anayeishi Kisangani, Yangambi, Isangi, Basoko au Barumbu anaishi nyumbani kwake.

Kumpata hakuhitaji fedha nyingi wala vifaa vya ajabu. Kunahitaji ujue uangalie wapi, wakati gani, na macho yako yaanze na nini.

1. Mtafute ukingoni, si ndani ya msitu

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Chozi wa Kongo ni ndege wa mito mikubwa: vichaka vya ukingoni, mitambaazi inayoning'inia juu ya maji, miti iliyouinamia mto, pembezoni mwa vijiji vya wavuvi. Ingia msitu wa Yangambi mita mia chache tu na umeshamwacha nyuma. Huko ndani utakutana na chozi wa rangi ya zeituni na wengine wapendao kivuli, nao ni wazuri, lakini siye unayemtafuta.

Bahati yetu ni kwamba mto huu una kingo nyingi mno. Chini ya Kisangani unapanuka na kujaa visiwa, na kila kisiwa kinaongeza kingo zake juu ya zile mbili za bara. Hesabu pia mito inayoingia: Lindi karibu na mji, Lomami pale Isangi, Aruwimi pale Basoko. Mimi huona vijito vya katikati ya visiwa, vile ambavyo boti kubwa haziingii, ni bora kuliko mkondo mkuu. Sababu ni nyepesi: ukiwa katikati ya kijito chembamba unaziona kingo zote mbili kwa darubini, wakati kwenye mkondo mkuu ukingo wa pili ni mstari wa kijani tu kwa mbali.

Na chozi huyu si peke yake katika kuuchagua mto. Kuna mbayuwayu wa mtoni, mweusi mwenye mdomo na macho mekundu, anayechimba mashimo ya kiota kwenye mafungu ya mchanga ya mto huu na Ubangi maji yanapopungua. Kuna mbayuwayu mwingine mdogo wa kahawia, wa bonde hili hili, naye huonekana akiruka chini chini juu ya maji. Ukiwa unamsubiri chozi, inua macho na uwatazame hao pia. Mto Kongo ni makazi yenye ndege wake wenyewe, na hilo halisemwi vya kutosha.

2. Anza na mdomo, kisha mkia, kisha kifua, kisha tumbo

Ndege huyu hatulii. Atakaa kwenye ua pumzi mbili, ataruka, atarudi, ataingia majani. Ukianza kuhangaika na rangi utabaki na mng'aro tu kichwani. Kwa hiyo shika mpangilio.

Mdomo mwembamba uliopinda kuelekea chini unakwambia ni chozi. Mkia wenye manyoya mawili ya katikati yaliyorefuka kupita mengine unapunguza orodha papo hapo, kwa sababu chozi karibu wote wa eneo la msitu la mkoa huu wa Tshopo wana mikia mifupi. Kisha kifua: utepe mwekundu unaoonekana wazi. Mwisho tumbo: jeusi. Ukiviona vyote vinne kwa ndege mmoja, umempata chozi wa Kongo dume, na huna haja ya kubishana na mtu.

Manyoya marefu ya mkia hukatika, na wakati wa kubadilisha manyoya hupotea kwa muda. Dume asiye na mkia mrefu bado atakuonyesha kifua chekundu juu ya tumbo jeusi. Usimtupe kwenye orodha ya "wasiojulikana" kabla hujatazama tumbo.

Wenye mikia mirefu wasio chozi wapo pia. Fumbwe mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene mwekundu ni mla mbegu, na mdomo wake unamtofautisha hata kwa macho matupu. Mkamata-nzi mwenye kichwa cheusi na mwili wa rangi ya chungwa naye ana mkia mrefu, ila mdomo wake umenyooka na hana mng'aro wa chuma hata kidogo.

3. Wajue ndugu zake kabla hujaondoka mjini

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo pana raha. Kaa asubuhi moja penye hibiskasi au mpapai unaochanua, katika kiwanja chochote cha Makiso au Mangobo, na utapata mafunzo yote unayohitaji bila kulipa nauli ya boti.

Wa kwanza kukutembelea huenda akawa chozi mdogo mwenye tumbo la zeituni. Ana kijani cha kung'aa kichwani, ana wekundu kifuani, na kwa haraka utadhani ndiye. Lakini ni mdogo sana, mkia wake mfupi, na tumbo lake lina rangi ya zeituni iliyofifia, si jeusi. Akisisimka na kufungua mabawa, chini ya bega huchomoza kishungi cha manjano. Mjue huyu barabara, maana ndiye atakayekudanganya mara nyingi kuliko wote.

Kisha yupo yule mkubwa ambaye Wafaransa humwita souimanga superbe. Ni pandikizi la chozi: mdomo mrefu, kichwa cha kijani na buluu, koo la zambarau, na tumbo la rangi ya damu ya mzee. Tumbo hilo kwenye kivuli huonekana jeusi, ndiyo maana watu hujikwaa. Tazama mkia: mfupi, umekatika wima. Yule mwenye koo la kijani naye ni mweusi wa kahawia karibu mwili mzima, hana wekundu wowote kifuani.

Mmoja zaidi anastahili nafasi yake kwa sababu na yeye anapenda kando ya mito: chozi mwenye mkia wa urujuani. Unaweza kumkuta kwenye mti ule ule. Lakini chini ni mweupe wa maziwa, hana kifua chekundu wala tumbo jeusi, na mkia wake ni mfupi. Ukimwona, furahi, umefika mahali panapofaa.

Wasomaji wa Bukoba, Mwanza, Kisumu na Entebbe wanaweza kusema ndege ninayemweleza wanaye tayari. Wana ndugu yake wa karibu, chozi kifua-chekundu wa Maziwa Makuu, Cinnyris erythrocercus, naye ana mkia mrefu, wekundu kifuani na mapenzi ya maji. Anakaa kwenye kingo za maziwa na mabwawa ya mashariki. Wa Kongo ni wa mto, upande wa magharibi, na mkia wa dume umerefuka zaidi. Aliyemzoea yule wa Ziwa Victoria atamtambua huyu haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

4. Usimdharau jike

Jike hana mng'aro, hana mkia mrefu, hana wekundu. Ni ndege mdogo wa rangi ya majivu na zeituni, na vitabu vingi humpa mistari miwili. Lakini yeye ndiye atakayekufikisha nyumbani kwao. Kwa jamaa ya chozi, kazi ya kusuka kiota huwa zaidi ya jike: kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, chenye mlango wa pembeni, kimefungwa kwa utando wa buibui. Ukimwona jike anavuta utando kwenye kona ya paa au kwenye majani, keti chini. Mfuate kwa macho, usimfuate kwa miguu. Dume hayuko mbali.

Kiota chenyewe ukikiona, rudi nyuma. Picha ya kiota haina thamani ya makinda.

5. Jua liwe mgongoni mwako

Kijani cha chozi hakitoki kwenye rangi iliyopakwa ndani ya unyoya. Kinatoka kwenye tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya zinazorudisha mwanga kwa namna ambayo baadhi ya rangi hukuzwa na nyingine hufutwa. Ni jambo lile lile unaloliona bandarini mafuta ya petroli yanapotanda juu ya maji: ukisogea kidogo, rangi inabadilika. Kwa hiyo ndege yule yule anaweza kuwa wa kijani, wa buluu au mweusi kabisa, kulingana na mahali uliposimama wewe na lilipo jua.

Wekundu wa kifuani ni habari nyingine. Huo ni rangi halisi iliyomo ndani ya unyoya, na hauzimiki mwanga unapokuwa mbaya. Ndiyo maana katika hali ya mawingu, ambayo Kisangani haikosi, mimi huamini kifua kuliko kichwa. Ukiona ndege mweusi mwenye utepe mwekundu na mkia mrefu, usiseme "hakuwa na kijani, basi si yeye". Subiri ageuke.

Ramani ya mto inakusaidia hapa. Kutoka Kisangani maji yanashuka kuelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi ukiteremka na mkondo jua liko nyuma yako. Alasiri ukirudi kwa kupanda mto, jua tena liko nyuma yako. Ukipanga safari kinyume na hivyo, siku nzima utatazama vivuli.

Saa nzuri ni zile mbili au tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza. Mchana wa joto ndege huingia majanini na mto mzima hunyamaza. Kula mapema, iwe lituma na samaki au chai na mkate, ili uwe majini kukipambazuka.

6. Fuata maua, hasa mekundu na yenye bomba

Chozi hula maji matamu ya maua pamoja na wadudu wadogo na buibui. Anayetaka kumwona atafute maua kwanza. Kifabakazi, mti ule wa maua makubwa mekundu-chungwa, ukiwa umechanua ukingoni ni kama soko la chozi wa kila aina, na ningesimamisha mtumbwi kwenye kila mmoja. Mitambaazi ya maua mekundu inayofunika vichaka vya ukingoni ni mizuri vilevile.

Halafu kuna ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kunyonya humo. Maua yake ni vijibomba vyembamba vyenye rangi kali, na chozi wa Afrika wana mapatano nayo ya zamani: ndege hupenyeza mdomo, ua hufunguka ghafla, chavua humrukia kichwani, naye huipeleka kwenye ua la pili. Wakulima huing'oa kwenye kakao na michungwa yao, na wana haki, kwa sababu inanyonya miti. Lakini kwenye miti ya porini kando ya mto, kila kichaka cha mimea hiyo ni mahali pa kusubiri.

Usiipite migomba. Ua lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu lina maji matamu mengi, na karibu kila kijiji cha ukingoni, Barumbu ikiwemo, kina migomba inayokaribia maji. Upande huo wa Basoko una historia ya kilimo: Barumbu ilikuwa mojawapo ya vituo vya kilimo vya wakati wa Wabelgiji, pakijaribiwa kakao na michikichi, kabla na baada ya taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC kuanzishwa mwaka 1933, kituo chake kikuu kikiwa Yangambi. Mashamba ya zamani yenye miti ya kivuli, vichaka vilivyorudi na bustani za watu hukupa maua mengi mahali pamoja.

Majani ya Kongo ya sika (gugu-maji) yanayoelea mtoni, ingawa yana maua mazuri ya zambarau, usiyapotezee muda.

7. Zima injini

Mtumbwi wa kasia ni bora kuliko wowote. Unateleza kimya, unakaribia ukingo, na mwenye kasia anajua kila kisiki. Kwa safari ndefu, kama ile ya zaidi ya kilomita 200 hadi upande wa Basoko na Barumbu, utahitaji injini au utapanda balenieri, boti kubwa ya mbao, pamoja na magunia, mbuzi na abiria wengine. Balenieri haisimami kwa ajili ya ndege. Itumie kufika, kisha kodi mtumbwi wa hapo hapo kwa asubuhi moja.

Ukiwa na injini yako, mwambie dereva aizime juu ya mahali penye maua na mkondo uwapeleke wenyewe. Kaeni umbali ambao mnaweza kuona maua moja moja kwa macho matupu, lakini msiguse matawi. Na muulize mwenye mtumbwi nyavu ziko wapi. Wavu uliokatwa na injini ni chakula cha familia ya mtu.

Vaa koti la kuokolea. Mto huu hauchezewi, na dhoruba za alasiri hupandisha mawimbi haraka.

8. Darubini ya 8, vitabu viwili

Kwenye mtumbwi, darubini inayokuza mara 8 inashinda ile ya mara 10. Kadiri inavyokuza zaidi ndivyo inavyokuza pia mtikisiko wa mikono yako na wa maji. Ifunge kwa kamba shingoni.

Kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, ambacho wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanacho, kinaishia Rwanda na Burundi, kwa hiyo usikitegemee huku. Kile cha Sinclair na Ryan cha mwaka 2003, kinachoshughulikia Afrika yote kusini ya Sahara, ndicho cha kubeba. Anayetaka kuzama zaidi atafute maktabani juzuu nne za James Chapin kuhusu ndege wa Kongo, zilizotoka kati ya 1932 na 1954. Chapin alizunguka misitu ya kaskazini-mashariki na mwenzake Herbert Lang tangu 1909 hadi 1915, na bado hakuna kazi iliyoishinda yake.

9. Sikiliza, lakini usimwite kwa simu

Sauti za chozi ni nyembamba na za juu: mfululizo wa vijisauti vikali vya haraka, vinavyosikika hata ndege mwenyewe akiwa amefichwa na majani. Dume huimba akiwa kwenye kijiti cha wazi, mara nyingi kile kile kila siku. Ukishalijua jukwaa lake, rudi kesho yake asubuhi.

Watu siku hizi hucheza sauti zilizorekodiwa ili dume aje kupigana na mpinzani asiyekuwepo. Anakuja kweli, na kwa kuja anaacha kula, anaacha jike, anaacha kiota. Sipendi mtindo huo. Kwenye mto wenye maua na subira, hauhitajiki.

10. Watu kwanza, ndege baadaye

Ukishuka kijijini, nenda kwa chefu. Salimia, jieleze umetoka wapi na umefuata nini, mwonyeshe picha ya ndege kwenye kitabu. Mgeni anayechungulia ukingo kwa darubini bila kujitambulisha huwatia watu wasiwasi, na wana sababu. Mtafiti awe na barua yake ya kazi mkononi. Bandari, madaraja na askari usiwapige picha kabisa.

Kiswahili kitakufikisha vizuri ndani ya Kisangani. Ukishateremka mto, Kilingala ndicho kinachoshika usukani, kwa hiyo jifunze salamu na maneno machache, au safiri na kijana anayekijua. Mzee mwite papa, mama mwite mama, na usianze na maswali kabla ya habari za nyumbani.

Uliza kuhusu "kolibri". Wengi waliosoma kwa Kifaransa humwita hivyo chozi yeyote, ingawa kolibri wenyewe wako bara la Amerika tu, na jibu litakuwa sahihi: watakuonyesha mti unaotembelewa. Wavuvi wanaolala visiwani ndio wa kuulizwa kwanza, maana wako ukingoni kabla ya alfajiri. Watoto nao wanajua kila kitu, ikiwa ni pamoja na vilipo viota. Hapo kuwa na msimamo: usinunue ndege aliyekamatwa, hata kwa kumwonea huruma, kwa sababu kesho watakamatwa wengine kumi. Mlipe mtoto kwa kukuonyesha ndege akiwa hai mtini, kisha mpe darubini atazame. Aliyewahi kumwona dume yule kwa darubini huiweka manati chini kwa hiari yake, angalau kwa ndege huyo.

11. Njia tatu za kuanzia

Mwenye asubuhi moja tu abaki Kisangani. Atafute mtumbwi chini ya maporomoko ya Wagenia au aende na wenyeji hadi Kisiwa cha Mbiye, juu kidogo ya maporomoko, apite kando kando ya kisiwa.

Mwenye siku chache aende Yangambi, kama kilomita 100 magharibi ya mji, kwa boti au kwa pikipiki kupitia barabara ya ukingo wa kulia. Kwa barabara, uliza kwanza habari za kivuko cha Lindi. Yangambi imekuwa hifadhi ya UNESCO tangu 1976, na mtu anaweza kutenga asubuhi kwa mto na alasiri kwa msitu, akalinganisha chozi wa pande zote mbili. Miezi ya Januari na Februari mvua hupungua na safari hurahisika.

Mwenye wiki moja na zaidi ateremke hadi Isangi, kisha Basoko na Barumbu, akitua katika midomo ya mito. Njia hii ndiyo iliyopitiwa na msafara wa kisayansi wa Boyekoli Ebale Congo, Aprili hadi Juni 2010, uliowakusanya watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji kwenye boti kutoka Kisangani kuelekea Bumba.

Ukitaka kwenda ukingo wa kushoto, upande wa Lubunga, pata habari za usalama kwa wenyeji siku ile ile. Ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umewaondoa watu wengi vijijini mwao huko.

12. Andika kila kitu, palepale

Mwaka 1913, Chapin aliuona unyoya asioujua kwenye kofia ya mwenyeji pale Avakubi, kando ya Mto Ituri. Aliutunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa na kusahauliwa, wenye unyoya kama ule. Ndivyo dunia ya sayansi ilivyompata tausi wa Kongo, ndege mkubwa ambaye wenyeji wa msitu walimjua siku zote. Miaka 23 ilipita kati ya unyoya na jina, na kilichoviunganisha ni mtu aliyetunza alichokiona.

Ukingo wa mto kati ya Isangi na Barumbu unatazamwa na wataalamu mara chache mno, huku wanaouona kila siku hawajawahi kuombwa waandike. Mwalimu wa Barumbu mwenye daftari na kalamu anaweza kuijaza nafasi hiyo kuliko mgeni wa wiki moja. Andika tarehe, saa, jina la kijiji au kisiwa, upande wa mto, ua alilokuwa akila, dume au jike, walikuwa wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Andika pia siku ambazo hukumwona, mahali ulipotafuta na muda uliotumia; hizo nazo ni habari, hasa zikilinganishwa mwaka hadi mwaka. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kuziingiza eBird bila malipo. Asiye nayo aziwasilishe kwa wanafunzi wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, ambako kuna kituo cha kufuatilia bioanuwai, maana hupita mtoni mara kwa mara kwa tafiti zao.

Ukiwa na picha, hata ya simu, hata yenye ukungu, usiifute. Urefu wa mkia na weusi wa tumbo mara nyingi vinasomeka humo.